Majengo ya Reli ya Modeli: Yaache Yang'oke

Ukijenga reli ya modeli nyumbani, yaani reli ndogo ya kuiga ile halisi, nakusihi usibandike majengo kwa gundi kwenye meza. Stesheni, ghala, banda la injini, yote yaweze kunyanyuliwa kwa mkono. Reli huingia vumbi na lazima zifutwe, taa huungua, na behewa likianguka nyuma ya ghala vidole havilifikii. Tena kwa sisi wapangaji, meza yenyewe kuna siku itahama.

Wengi hung'ang'ania gundi kwa sababu ya ufa. Jengo lililotuliwa tu juu ya meza huacha kivuli chembamba chini ya ukuta, na jicho hukiona papo hapo. Mimi najenga kwa skeli ya HO, yaani 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi), nikiiga stesheni ya Voi, Kenya, kwenye reli ya zamani ya upana wa mita 1. Kwa kipimo hicho, ufa wa milimita 1 ni karibu sentimita 9 za jengo halisi. Hakuna mwashi ambaye angekabidhi nyumba namna hiyo!

Dawa yake ni kulizamisha. Chini ya kuta naweka msingi wa plaiwudi ya milimita 3, uliokatwa sawasawa na kuta zenyewe. Nauvisha nailoni laini, ile ya kufunikia chakula, nikiivuta isiwe na mikunjo. Nalisimamisha jengo mahali pake, kisha nazungushia jasi iliyokorogwa nzito mpaka ifike usawa wa mwanzo wa ukuta. Jasi ikianza kushika, kabla haijawa jiwe, nalichomoa jengo taratibu, likienda juu wima. Linabaki shimo la jengo hilo peke yake, na nafasi iliyopo ni unene wa nailoni tu. Ukishapaka ule wekundu wa udongo wa Voi, mtu ataitafuta ile mistari asiione.

Taa nazo zisilifunge jengo. Natumia umeme wa volti 12, na rezista (kipande cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 1,000 kwa kila LED nyeupe naiweka ndani ya jengo, si chini ya meza, ili jengo lolote lichomekwe popote. Waya uishie kwenye plagi ya pini mbili, na uwe mrefu kiasi cha kulinyanyua jengo kwanza ndipo uchomoe.

Ukipenda sumaku ndogo za kulishikilia, weka alama za kalamu kwenye nyuso zinazovutana kabla ya kutia gundi, na uziepushe na swichi zinazowashwa na sumaku, kama zipo chini ya reli zako.

Jukwaa la abiria ndilo pekee ninaloliacha limefungwa kwenye meza. Ukingo wake ukisogea kidogo tu kuelekea reli, mabehewa yataukwaruza kila yapitapo.