Jibu: Unasikia kelele tupu kwenye Master of Puppets?

Ndugu, unasema albamu hii ya Metallica, bendi ya muziki wa metali ya Marekani, ni kelele tupu. Kama unaisikiliza kwa spika ya simu, tatizo limeanzia hapo. Spika hiyo haitoi sauti nzito, kwa hiyo besi (gitaa la sauti nzito) ya Cliff Burton, mpiga besi wa bendi, inapotea na unabaki na matoazi na makali ya magitaa. Lazima uchoke mapema. Vaa hedifoni zinazofunika masikio, zima kiongeza besi maana kinavuruga magitaa, na sauti iwe ya wastani.

Usianze mwanzoni. Anza na "Orion", wimbo wa saba, hauna maneno. Karibu na dakika ya 4 mwendo unapungua, besi inashika uongozi, kisha magitaa yanaingia juu yake taratibu. Kirudie kipande hicho hadi uweze kuiimba besi kwa mdomo. Ni kazi nzuri mno! Burton alifariki kwa ajali ya basi huko Sweden, Septemba 1986, miezi michache tu baada ya albamu kutoka.

Halafu nenda kwenye wimbo uliobeba jina la albamu. Fuata gitaa la James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi: karibu muda wote anapiga nyuzi kwenda chini tu, kwa kasi ile, ndiyo maana kila pigo linatua kwa uzito uleule. Baada ya dakika 3 na nusu wimbo unatulia. Solo (kipande cha gitaa moja kuongoza) ya polepole ni yake Hetfield; ya haraka inayofuata ni ya Kirk Hammett, mpiga gitaa mwenzake. Soma na mashairi: anayezungumza ni dawa za kulevya zenyewe.

Ukishazoea, sikiliza nyimbo zote 8 kwa mpangilio wake, dakika kama 55.