Mama kaacha dawa ya kolestro, eti tulidanganywa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, tuko Tanga, ana presha na sukari. Alipimwa kolestro wakakuta ile mbaya, LDL, iko 4.4, akaandikiwa atorvastatini ya kuishusha. Sasa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kuna klipu inazunguka, jamaa anasema kolestro haina neno, ni biashara tu ya makampuni ya dawa, mbona mayai waliyakataza weee halafu wenyewe wakayaruhusu? Basi mama kaacha dawa, anakula mayai na wali wa nazi, na anasema hata miguu haimuumi tena. Nani mkweli hapa?
Kijana wa Chumbageni

JIBU: Marahaba. Kwenye mayai mama kashinda, msimbishie. Wamarekani waliambiwa miaka mingi wasivuke miligramu 300 za kolestro kwa siku, na yai moja tu linakaribia 190, ila kikomo hicho kikaondolewa kwenye mwongozo wao wa lishe wa 2015–2020, maana kolestro nyingi ya mwilini inatengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Tena kuna kipindi watu walihimizwa waache siagi wale majarini, kumbe zile majarini ngumu za zamani zilijaa mafuta ya transi, yaani mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, ambayo ni mabaya kuliko hiyo siagi. Kwa hiyo mtu akiwauliza madaktari maswali mimi simlaumu hata kidogo.

Ila jamaa wa klipu kachanganya kolestro ya kwenye sahani na ya kwenye damu, na hii ya kwenye damu kesi yake haijafutwa. Kuna watu wanazaliwa na hitilafu ya jeni, ile chembe ya urithi, ini linashindwa kuichota LDL, na aliyerithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama anaweza kupata mshtuko wa moyo akiwa bado mtoto, hata chipsi hajazizoea. Wanasayansi wa Marekani, Brown na Goldstein, walieleza jambo hilo wakapewa Nobeli 1985. Halafu 1994 yakatoka majibu ya utafiti wa nchi za Skandinavia, wagonjwa wa moyo 4,444, nusu wakipewa simvastatini, dawa ya jamii moja na ya mama, na nusu vidonge bandia visivyo na dawa ndani, kwa miaka kama mitano, wakafa 182 upande wa dawa na 256 upande wa bandia.

Hao walikuwa wagonjwa tayari, kweli, na kwa kijana mzima asiye na presha wala sukari faida ni ndogo, hapo hata madaktari tunabishana. Mama yako anavyo vyote viwili, huo ubishi haumhusu.

Miguu nayo, mwaka 2020 Waingereza waliwapima watu 60 walioacha dawa hizi kwa ajili ya madhara, wakawabadilishia miezi ya dawa na ya vidonge bandia bila wao kujua, na asilimia 90 hivi ya usumbufu ulikuwepo hata kwenye bandia. Simaanishi mama anajifanya, maumivu ni ya kweli. Arudi kliniki, dozi inaweza kupunguzwa au akabadilishiwa aina.

Kumkataza mtu wa Tanga nazi sithubutu, ila mafuta yake yanapandisha LDL, so apikie tui jepesi, kasimile ibaki ya sikukuu. Na akirudia dawa kisha misuli ikauma sana na mkojo ukawa mweusi kama Coca-Cola, siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali.