Huyu mzee Socrates alijitetea au alijimaliza mwenyewe?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Arua. Mimi ni mtu wa boda, kijana wangu amekuja likizo na kitabu cha yule mzee wa Ugiriki, Socrates, ati alipelekwa kortini akahukumiwa kifo. Mimi mwenyewe nilisimamishwa kwa LC 1, baraza la kijiji, juu ya mbuzi niliyemgonga, nikapiga magoti, nikaomba wazee, wakanipunguzia faini. Sasa mtu mwenye akili zote hizo alishindwa hata kuomba? Hakuwa na wakili? Na ni kweli alikataa kutoroka jela?

JIBU: Pole na huyo mbuzi ndugu yangu. Wakili hakuwepo, na sio kwake tu, kule Athens mwaka 399 kabla ya Kristo kila mtu alijisemea mwenyewe, na hakimu wa kuandika hukumu pia hakuna, wanaoamua ni raia wa kawaida kama 500 hivi, wamechaguliwa kwa bahati nasibu, wanalipwa oboli 3 kwa siku, sarafu ndogo za kule, na kesi inaanza na kuisha siku hiyohiyo. Muda wa kuongea unapimwa kwa chungu cha maji kilichotobolewa chini, maji yakiisha na wewe umeisha.

Walioshtaki walikuwa watatu, Meletus, Anytus na Lycon. Walisema haheshimu miungu ya mji, analeta mambo mapya ya kiroho, na anaharibu vijana. Mzee ana miaka 70 na kwa maandishi ya mwanafunzi wake Plato, ambaye alikuwepo kortini siku hiyo, alianza kwa kusema hajawahi kusimama hapo, lugha ya korti haijui, wamchukulie kama mgeni anayeongea lugha ya kwao, yeye ataongea vile anaongea sokoni. Hapo mimi nacheka kila nikisoma, maana sisi wa Kiswahili tukiingia korti ya Kampala kila kitu Kiingereza tunajua hiyo jasho inatoka wapi.

Halafu akamgeukia Meletus. Akamuuliza, haya, mimi nawaharibu vijana, nani anawafanya wawe wazuri? Sheria, jamaa akajibu. Nauliza mtu. Hawa waamuzi. Wote? Wote. Na wanaosikiliza hapa? Nao pia. Na baraza? Nao pia. Yaani Athens nzima inawatengeneza vijana, anayeharibu ni mimi peke yangu? Ndiyo. Mzee akamwambia aangalie farasi: anayejua kumtunza farasi vizuri ni mmoja au wachache, watu wote wakimshika wanamharibu (wewe weka ng'ombe wa Ankole, ni ileile). Kwa hiyo usiseme hakujitetea bana, alimfunga mtu mdomo.

Ila kufunga mtu mdomo mbele ya watu 500 sio lazima wakupende. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuandikwa kwenye shtaka, miaka kama mitano nyuma watu 30 walikuwa wameteka serikali na kuua wengi, na kiongozi wao Critias aliwahi kuwa mtu wa kukaa na Socrates. Msamaha ulishatolewa, haikuruhusiwa kushtaki mambo ya kipindi hicho, lakini moyoni nani anasahau?

Kura zikapigwa, akapatikana na hatia, na mwenyewe alishangaa, ati kama kura 30 tu zingehama angeachiwa. Na sasa hapa ndipo kijana wako asome polepole. Sheria haikuwa imeweka adhabu ya kosa hilo, mshtaki anataja yake, mshtakiwa anataja yake, waamuzi wanachukua moja kati ya hizo mbili, hawana ruhusa ya kukata katikati kama wazee wa LC wako. Meletus akasema kifo. Angesema kuhamishwa mji, mimi naona wangekubali haraka. Yeye akasema anastahili kulishwa bure kwenye nyumba ya serikali kama washindi wa Olimpiki! Baadaye akasema atalipa mina 1 (mina na drakma ni pesa za kule), marafiki akina Plato na Crito wakamdhamini mpaka mina 30, ambayo ni drakma 3,000, pesa nzito kweli, lakini watu walishakasirika. Diogenes Laertius, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema waliotaka kifo waliongezeka kwa 80.

Kupiga magoti alijua, wengine walikuwa wanaleta mpaka watoto kulia mbele ya waamuzi. Yeye alikuwa na wavulana watatu, wawili bado wadogo, hakumleta hata mmoja. Alisema mwamuzi hakukaa pale kugawa haki kama zawadi.

Kutoroka, ndiyo alikataa. Meli ya ibada ilikuwa imeenda kisiwa cha Delos na mpaka irudi mtu hauawi, kwa hiyo alikaa jela karibu mwezi, Crito akaja alfajiri na mpango umeiva, pesa ipo, akamkuta mzee amelala fofofo, akaketi pembeni kimya, makusudi hakumwamsha.