Fundi, nibadilishe sinki au bomba la chini?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Makorora, hapa Tanga mjini. Sinki letu la jikoni ni la stenlesi, tulilifunga tulipomaliza kupiga tailizi, huu mwaka wa tatu. Limeota madoa ya kutu, na karibu na tundu pameanza kutoboka vitundu kama vya sindano. Chini kuna hosi nyeupe ya mikunjo. Fundi aliipinda kama shingo ya bata akaifunga kwa waya, na mwisho wake akausukumia kwenye bomba la ukutani, akaziba kwa kitambaa. Maji yakishuka hosi inagugumia, na asubuhi jiko zima linanuka karo. Fundi mwingine ameniambia nibadilishe sinki tu, azungushie simenti nyeupe, kazi ya saa moja. Koki yenyewe imefungwa kwenye bomba la chuma la zamani lililomo ukutani. Ninunue sinki gani, na je, harufu itakwisha?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Nianze na la mwisho: harufu haitakwisha. Hata ukifunga sinki la dhahabu, kesho asubuhi utanusa karo lilelile, kwa sababu sinki halinuki. Kinachonuka ni hewa inayopanda kutoka karoni, nayo kwako ina njia mbili.

Njia ya kwanza ni hosi. Ile shingo ya bata kazi yake ni kubaki na maji ndani, ili hewa ya karo ikifika pale ikute kizuizi. Lakini hosi ya mikunjo ni laini, waya ukilegea inanyooka, na maji ya kuzuia harufu yanabaki kidogo au hayabaki kabisa. Kule kugugumia ndiko kunakokwambia zaidi. Unapomwaga beseni zima la maji ya vyombo, maji yanajaza bomba na kuteremka kwa kasi huku yakivuta hewa nyuma yake. Yakikosa hewa ya kuvuta, yanayanyonya na yale yaliyokuwa yamebaki shingoni. Ukisikia gru-gru mwishoni, ujue mlinzi ameondoka na mlango uko wazi.

Njia ya pili ni kile kitambaa. Hapo hata shingo ijae maji, hewa inapita pembeni. Ukitaka kujua ipi inakusumbua zaidi, leo usiku mimina jagi la maji taratibu kwenye sinki, kisha ziba tundu kwa kitambaa kilicholowa na ufunge milango ya kabati. Asubuhi fungua kabati kabla hujagusa kitu. Harufu ikikupiga usoni kutoka humo, ni mdomo wa ukutani. Mara nyingi mimi hukuta ni zote mbili.

Kwa hiyo ng'oa hosi hiyo, usiitumie tena. Nunua boto trapu, kile kikombe cha plastiki kinachofunguka kwa mkono, ya inchi 1½. Sisitiza upewe ya kina kirefu, inayobakiza maji ya sentimita 7.5 hivi. Zipo fupi za sentimita 4, zinafanana nayo kwa mbali, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote. Hizo ndizo zinazonyonywa upesi. Toka kwenye trapu hadi ukutani tumia bomba gumu, na kwenye mdomo wa ukutani weka mpira wa kuungia unaobana pande zote. Bomba lishuke sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita, si zaidi. Mafundi wengi wanadhani mteremko mkali ndio bora, kumbe unaongeza ule mnyonyo. Kama kutoka jikoni hadi chemba ni mbali na kugugumia kukiendelea, itabidi litoke bomba la kupumulia hewa, lipande nje ya ukuta hadi juu ya paa. Ukubwa wa gharama hiyo unategemea ukuta wako, siwezi kuutaja bila kuuona.

Sasa sinki lenyewe. Vile vitundu vya sindano ni kazi ya chumvi. Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya utando mwembamba sana unaojijenga juu yake, na kloridi, ambayo ndiyo iliyomo kwenye chumvi, inautoboa utando huo. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa: tazama rimu za baiskeli inayolala nje Raskazone, ufukweni, kisha tazama ya mtu wa Muheza, kule bara. Lakini upepo wa bahari peke yake hautoboi sinki la ndani kwa miaka mitatu. Umesema lilifungwa wakati wa tailizi. Je, tailizi zilisafishwa kwa asidi? Mvuke wa ile asidi ukitua kwenye stenlesi ni balaa, hata kama tone halijagusa. Halafu kuna dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo watu huilaza sinkini usiku kucha, na kuna kusugua kwa chumvi na ndimu. Madoa ya kutu nayo pengine si ya sinki: stilwaya ya kusugulia masufuria huacha vipande vya chuma vidogo, navyo ndivyo vinavyooza.

Dukani wengi huenda na smaku. Smaku ikikamata kwa nguvu, acha sinki hilo, kwa pwani halifai. Isipokamata, usishangilie bado, maana stenlesi aina ya 201, ya bei ndogo, nayo haikamati vizuri. Aina ya 304 ina kromu asilimia 18 na nikeli 8 hivi. Kwenye 201 nikeli imepunguzwa, ikawekwa manganizi badala yake, na chumvi inaimaliza haraka. Tafuta muhuri wa 304 kwenye sinki lenyewe, si kwenye boksi. Bonyeza katikati kwa kidole gumba pia: likibonyea na kurudi kwa mlio kama debe, ni jembamba. Aina ya 316 ndiyo bora kwa chumvi, lakini kwa jikoni ni kujitesa bure.

Kabla hujalipa, pima tundu lililokatwa kwenye zege, si ukingo wa sinki la zamani. Tundu dogo linaweza kupanuliwa kwa grainda. Tundu kubwa ni msiba, utaanza kujenga upya. Na simenti nyeupe, hapana. Ni ngumu, na sinki hutanuka likipata maji ya moto na kunesa ukiweka sufuria, hivyo simenti itapasuka na maji yataingia chini ya tailizi. Tumia silikoni ya jikoni, ile ya kuzuia ukungu. Futa ukingo uwe mkavu kabisa, zungusha silikoni bila kukatisha, lalisha sinki, kaza vibanio vya chini kwa zamu, pande zinazotazamana. Usilitumie hadi kesho yake.

Mpira wa kwenye tundu la sinki unakaa chini, upande wa kabati. Nati za trapu zinakazwa kwa mkono, basi. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi ambazo kilichovuja ni nati iliyopasuliwa na spana. Na tredi tepu, ule utepe mweupe wa kuzungushia meno ya bomba, haina kazi kwenye nati yenye mpira. Iweke kwenye koki.

Hapo kwenye koki ndipo ninapoogopa zaidi. Bomba la chuma la zamani huonekana zima kwa nje, kumbe ndani kutu imekula meno ya kuungia yaliyomo ukutani. Ukikaza spana kufungua koki, kiwiko kilichomo ukutani kinazunguka nayo, kinakatika, na kazi ya saa moja inageuka kuvunja tailizi. Funga maji, fungua koki nyingine ya chini ili bomba litoke maji, kisha tumia spana mbili: moja ishike bomba lisizunguke, nyingine ifungue koki. Ikigoma, pulizia mafuta ya kulegezea kutu na uiache usiku mzima. Ikigoma tena, usishindane nayo. Bora upitishe bomba jipya la PPR, lile la plastiki ngumu, nje ya ukuta. Kwa vyovyote vile anza asubuhi ya siku ya kazi, maduka yakiwa wazi. Mimi sianzi bomba la chuma Ijumaa mchana, hata kwa ndugu.

Jambo moja la jikoni kwetu. Machicha ya nazi yasiingie sinkini, na tui lililobaki usilimwage humo. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai hapa kwetu joto hufika huko. Yakigandana na machicha na magamba ya samaki, utadhani mtu amemwaga zege. Ndiyo maana nakusisitizia boto trapu: ukiona maji yanachelewa, weka ndoo chini, fungua kikombe, osha, rudisha, usimwite mtu.

Kazi ikiisha, jaza sinki hadi juu, zibua kwa mkupuo, na usikilize. Kisha tandaza gazeti kavu ndani ya kabati ulale. Tone moja tu litaacha duara, na hapo duara lilipo, juu yake ndipo panapovuja.