Buni za kahawa za Rombo nje zimeungua ndani mbichi: jibu kwa anayekaangia kwenye gesi

Mkuu nimelisoma swali lako lote. Umerudi Dar baada ya krismasi na kilo 5 za kahawa ya ngozi (buni ambayo bado ina ganda lake kavu) toka kwa mjomba Rombo, ukatwanga, ukamwaga nusu kilo kwa mpigo kwenye kikaango juu ya gesi, zikatoka nyeusi nje na ndani njano, kikombe kina uchungu na ukakasi vyote kwa pamoja. Unauliza kama lazima ununue mashine ya kukaangia, na mke analalamika moshi. Mashine sio lazima. Mimi nakaanga kahawa ya kunywa nyumbani hapa Arusha miaka mingi sasa na kikaango changu ni kilekile cha chuma kizito. Tatizo lako ni wingi wa buni na namna ulivyotumia moto, basi.

Ila tuanzie nyuma kidogo kwenye kutwanga, maana naona wengi waliokujibu hapo juu wamekimbilia jikoni. Kahawa ya ngozi ikikobolewa inapoteza kama moja ya tano ya uzito, kwahiyo kilo 5 zako zitakupa karibu kilo 4 za buni. Ukitwanga kwenye kinu usiponde, gonga taratibu huku unageuza, ngozi kavu inapasuka yenyewe. Buni ikivunjika imekula kwako, maana kile kipande kinaungua wakati punje nzima bado hata haijafika njano, na humo kwenye nusu kilo yako nina uhakika vipande vilikuwa vingi. Pepeta kwa ungo afu kaa karibu na dirisha na sinia uchambue. Toa zilizovunjika, toa nyeusi, toa zenye vitundu vya wadudu, toa zile za kahawia zinazonuka kama zimechacha, hizo hata chache tu zinaharibu birika zima. Na zile za duara ambazo ndani ya tunda zilikaa peke yake bila pacha, zile ambazo kwenye madaraja wanaziita PB, tenga uzikaange siku yake kwa sababu zinabiringika vizuri na zinaiva tofauti na za ubapa. Kwenye viwanda vya kukoboa wanapitisha kwenye chekeche, AA ndio punje kubwa, chini yake A, kisha B, na kuendelea, lengo likiwa zifanane. Wewe chekeche huna lakini macho unayo.

Angalia pia ukavu. Buni iliyokauka vizuri inabaki na maji kama asilimia 11 hivi, rangi ni kijani yenye ukijivu, na ukiing'ata jino haliachi alama. Kama jino linazama irudishe juani kwanza, usikaange na usiifungie.

Sasa jikoni. Gramu 200, usizidishe. Nusu kilo kwenye kikaango cha nyumbani inalaliana, za chini zinaungua, za juu zinapata mvuke tu, ukigeuza zinabadilishana sehemu ila hakuna hata moja iliyoiva sawasawa. Kahawa ya mlimani kama hiyo yako, yaani arabika, punje yake ni ngumu imebana, joto linachelewa kufika katikati, kwahiyo ukiweka moto mkubwa toka mwanzo ngozi ya nje inakimbia peke yake na ndani kunabaki kubichi. Hapo ndipo ukakasi wako ulipotoka, na uchungu ukatoka nje kulikoungua. Vikaango vile vyembamba vyenye tabaka jeusi la kutogandisha achana navyo, kahawa inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 200 na kikaango kikiwa karibu kitupu juu ya gesi joto linaweza kupanda mpaka lile tabaka likaanza kuharibika. Chuma kizito, au sufuria nene.

Washa moto wa kati, acha kikaango kipate moto dakika 3 hivi, mwaga buni na uanze kugeuza kwa mwiko, na mkono usisimame. Simu weka mbali. Dakika 4 au 5 za kwanza utaona kama hamna kitu kinachotokea, kijani kinafifia, jikoni kunanuka majani mabichi, hayo ni maji yanatoka. Watu wengi hapa wanakosa subira wanaongeza gesi. Usiongeze. Zikishafika njano harufu inageuka inakuwa ya mkate, ndipo unaona makapi membamba yanaanza kubanduka, yale yaliyokuwa yamejificha kwenye mstari wa katikati ya punje. Kuanzia hapo mambo yanaenda haraka, njano inakuwa kahawia na moshi kidogo unaanza.

Kati ya dakika ya 8 na ya 10 utasikia zinapasuka. Huwezi kukosea, zinalia kama bisi, kwanza moja moja afu mfululizo. Mvuke uliojibana ndani ndio unaipasua punje, inavimba na ule mstari wa katikati unafunguka. Ni karibu na nyuzi 200. Sekunde chache kabla ya hapo, harufu ikishakuwa tamu yenye kuwasha pua, punguza moto kidogo, usizime, maana buni zikianza kupasuka kikaango kizima tayari kina joto la kutosha na ukiacha moto uleule zinakutoroka. Kupasuka kukishapoa, ile inabaki moja hapa moja pale, upo kwenye kahawa ambayo tayari inanyweka. Wengi hawaamini. Wanaona kahawia wanasema bado, wanataka nyeusi, kwa sababu kahawa wanayoijua ni ya kijiweni.

Ukiendelea dakika 2 au 3 mbele utasikia mlio wa pili, huu ni mdogo, mkali na wa harakaharaka, na mafuta yanaanza kutokeza juu ya punje. Hapo upo kwenye nyuzi 225 na kitu. Kahawa ya mlimani mimi siipeleki huko. Ule uchachu mtamu wa kahawa ya Kilimanjaro, ambao Wazungu na Wajapani wanailipia hela nzuri, unakuwa umeshaondoka na moshi, na umebakiwa na ladha ya mkaango tu ambayo ungeipata hata kwenye buni za bei ya chini. Huo ndio ugomvi wangu na watu wa "kahawa nzuri lazima iwe nyeusi tii". Kama unataka nyeusi tii tafuta robusta, ile aina nyingine ya kahawa, ya Kagera, inastahimili zaidi na kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, ila ujiandae na makapi mengi kwa sababu kule nyingi inaanikwa na tunda lake zima.

Simaanishi kwamba wale wazee wa mabirika wanakosea. Kahawa ya kijiweni inachemshwa muda mrefu, inakaa juu ya mkaa saa nzima, inanywewa kwenye kikombe kidogo na kashata pembeni, kwahiyo inabidi ikaangwe sana ili istahimili. Ukichemsha namna ile kahawa niliyokuelekeza mimi itakuja na uchachu mpaka ukunje uso. Kwahiyo amua kwanza utainywaje. Kama ni birika na tangawizi au iliki, nenda mpaka mlio wa pili uanze kusikika, toa hapohapo. Kama ni kumwagia maji ya moto na kuchuja, acha kupasuka kwa kwanza kutulie, ongeza dakika moja au moja na nusu, uishie hapo. Waarabu wa Ghuba wao wanakaanga kidogo sana, inabaki kahawia hafifu, wanaweka iliki na inanyweka vizuri tu pamoja na tende, kwahiyo msije mkaniambia hiyo sio kahawa.

Kupoza. Hapa ndo naona watu wanaharibu kazi nzuri. Ukizima gesi ukaacha buni kwenye kikaango cha chuma zinaendelea kuiva, kile chuma hakijui kama umezima. Mwaga kwenye ungo wa asili au chujio la bati papo hapo, ungo wa plastiki utayeyuka. Washa feni, rusha toka ungo mmoja kwenda mwingine, makapi yanapeperuka na buni zinapoa. Ndani ya dakika 3 au 4 uwe unaweza kuzishika. Usifanye jikoni kama hutaki kufagia wiki nzima, makapi yanaingia mpaka kwenye vikombe. Na wakati wa kukaanga usiache makapi yakusanyike kwenye burner ya gesi, yanashika moto kirahisi mno.

Zikishapoa chambua tena, ndio, mara ya pili. Kuna punje utaziona zimebaki za njano njano wakati wenzake ni kahawia. Sio kwamba hujazikaanga, zile zilichumwa mbichi, sukari haikuwa ya kutosha kwahiyo hazibadiliki rangi hata ukae nazo. Tafuna moja, utasikia karanga iliyochina. Zitoe. Kama ni nyingi mpigie mjomba simu umwambie kwa heshima, mjomba shikamoo, wachumaji wanachanganya na kijani.

Pima pia uzito. Gramu 200 zikirudi 170 uko pazuri. Zikirudi 160 na kushuka umeshaingia kwenye nyeusi. Mizani ya jikoni ya kawaida inatosha na inakufundisha haraka kuliko rangi, maana taa za jikoni zinadanganya, hasa zile nyeupe.

Mdau mmoja hapo juu kasema weka sukari au siagi zikiwa kwenye kikaango. Sukari inaungua kabla kahawa haijafika popote, utapata rangi nyeusi ya haraka na kikaango cha kusugua na steelwire. Siagi itachina ndani ya kahawa ukiiweka wiki mbili. Kama unataka sukari weka kwenye kikombe.

Usinywe siku hiyohiyo, najua inauma. Kahawa iliyotoka kukaangwa inatoa gesi ya kaboni dioksidi na ukimwagia maji inafura povu na ladha inakuwa haijatulia. Iache usiku mmoja angalau, mimi naona siku ya 3 mpaka ya 7 ndo inakuwa kwenye utamu wake. Weka kwenye chupa ya kioo, siku ya kwanza usikaze mfuniko. Baada ya wiki 3 au 4 inaanza kupoa ladha, ndo maana kukaanga gramu 200 kila mara ni faida. Buni mbichi yenyewe inakaa miezi mingi bila shida, ila huko Dar unyevu ni mwingi, weka kwenye mfuko wa gunia juu ya meza au kabati, usiweke chini na usifunge kwenye nailoni.

Kuna mwingine kauliza kwa nini Wachagga wenyewe hawajui kukaanga wakati wamelima tangu enzi za wamisionari wa Kilema, na KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ipo tangu 1933. Ni kweli kwetu kahawa ilikuwa ada ya shule, bati la nyumba na hela ya kanisa, ndani tulikunywa chai ya maziwa. Ilikuwa inaenda mnadani Moshi na kwaheri. Wahaya walitutangulia mbali, wao kahawa ilikuwa ya kutafuna na kumkaribishia mgeni hata kabla ya Mjerumani hajafika.

Moshi wa kukaanga ni wa kweli na harufu yake sio ile ya kahawa kwenye kikombe, ni kali. Kama una kibaraza au uwani kaangia hapo kwa mtungi mdogo, kama upo flati fungua madirisha yote, feni ielekee nje, na fanya asubuhi kabla shemeji hajaanika nguo. Ukiishia kupasuka kwa kwanza moshi ni mdogo sana, moshi mzito unaanza kwenye mlio wa pili.

Kuhusu mashine, ukichoka kugeuza mwiko kuna watu wanatumia mashine ya bisi ya umeme, ile ya kupuliza hewa ya moto. Inafanya kazi, chagua inayopuliza hewa kwa pembeni ndani ya chombo ili buni zizunguke, sio yenye wavu chini. Inabeba gramu 80 mpaka 100 tu na inamaliza kwa dakika 6 au 8. Ya wati 1200 ikienda dakika 8 inakula uniti 0.16 ya umeme wa Luku, kwahiyo gharama sio kitu. Makapi inarusha yenyewe, weka beseni mbele. Ubaya wake ni kelele, husikii vizuri zikipasuka, na haikuruhusu kupunguza moto.

Mimi ningekuwa wewe hela hiyo ningeweka kwenye kisagio cha mkono chenye meno ya kusaga, kile cha kuzungusha. Blenda inakata vipande vikubwa na vumbi kwa pamoja, vumbi linatoa uchungu na vipande vinatoa maji maji. Ukiwa na blenda tu kwa sasa, bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia, tikisa katikati, afu pitisha kwenye chekecheo la chai uondoe vumbi.