Matone ya homiopathi kwa mzazi mwenye huzuni

SUALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mkaazi wa Wete, mtoto wangu ana miezi mitano. Nalia bila sababu, silali hata mtoto akilala, na mume wangu hata sauti yake siitaki. Hospitali wamenipa vidonge. Shoga yangu kaniletea chupa ya matone ya homiopathi yanayoitwa Sepia. Imeandikwa ina alkoholi. Muuzaji kasema niache vidonge, ni kemikali tupu. Mume wangu anasema nina upungufu wa imani. Je, matone haya ni halali?

JAWABU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Umeuliza alkoholi, lakini lililonikosesha raha ni hayo mengine mawili.

La alkoholi ni jepesi. Wanavyuoni wa Kishafi, akiwemo Khatib Shirbini, wameruhusu dawa iliyochanganywa na kileo mpaka kikapotea ndani yake, kwa masharti: pasiwe na dawa safi ya kushika nafasi yake, na tabibu muaminifu athibitishe kuwa inafaa. Basi tuitazame hiyo Sepia. Asili yake ni wino wa dome, na wenye fani ya homiopathi humpa mwanamke aliyechoka, asiyemtaka mume wala watoto. Njia yao aliianzisha Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796. Huchukua sehemu 1 ya dawa katika 100 za maji au alkoholi, kisha sehemu 1 ya mchanganyiko huo katika 100 nyengine, na chupa iliyoandikwa 30C imezimuliwa hivyo mara 30. Kwa hisabu ya kemia, ikishapita mara ya 12 hivi hapatarajiwi kubaki hata chembe ya dome. (Wavuvi wetu hurudi na wino huo mpaka viwikoni, na huzuni zao wanazo.) Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizokuwepo, lisione maradhi hata moja ambayo pana ushahidi wa kutegemewa kuwa homiopathi inayatibu. Sharti la kufaa limeanguka, na dawa nyengine unayo mkononi. Ruhusa iko wapi? Yaache.

Na huyo muuzaji aliyekwambia utupe vidonge vya daktari, Mtume (s.a.w.) amesema kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini. Yaani likikufika la kukufika, linamuandama yeye. Anasema kemikali! Hiyo alkoholi anayouza ni nini?

Sasa mumeo. Maneno haya ya upungufu wa imani nayasikia mpaka kwenye mimbari, na yananiudhi. Nabii Yaqub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Naye imani yake ilipunguka? Bibi Maryam, aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu, uchungu wa uzazi ulipomshika alisema: “Laiti ningelikufa kabla ya haya.” Mola wake hakumkaripia. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji na tende, akaambiwa ale, anywe na jicho lake litulie. Anayemkemea mzazi anayelia anaifuata sunna ya nani? Mtume mwenyewe alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamm na hazan, yaani wasiwasi na huzuni, na akasema talbina, uji wa shayiri, huuliwaza moyo wa mgonjwa. Kunywa uji huo, soma dua hiyo, na vidonge vyako umeze. Havigombani.

Rudi kwa daktari aliyekupa, umwambie kama unanyonyesha, na usiviache ghafla bila shauri lake. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje asubuhi: mwamshe mtu, mpe mtoto amshike, mukimbilie hospitali usiku huo huo. Si dhambi kujiwa na wazo hilo, wala si aibu kulisema.

Mama yako au dada yako aje alale kwako, ambebe mtoto usiku nawe upate usingizi. Mumeo msomee jawabu hili. Akiwa na la kujibu, asikujibu wewe. Aje kwangu baada ya Alasiri.