Wanaanga wawili, hewa ya mmoja: je, mmoja ajitolee?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi nasomesha madrasa ya jioni huku Kisauni. Darsa ya wiki hii ilikuwa juu ya mudhtari, yule aliyefikwa na njaa hadi akahalalishiwa nyamafu. Kijana mmoja akauliza: wanaanga wawili Waislamu wamekwama katika chombo kidogo, injini haiwaki, na hewa iliyobaki yamtosha mmoja tu mpaka waje kuokolewa. Je, wapige kura nani afe? Mmoja akijitolea ili mwenzake apone, ni thawabu au amejiua? Na sala wataziswali vipi, maji hakuna, mchanga hakuna, kibla hakijulikani? Wenziwe walicheka, lakini mimi jibu sikuwa nalo.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Maalim, hao waliocheka wakumbushe kwamba tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi. Mambo ya anga si mageni kwa Pwani hii. Wala swali lenyewe si geni kwa mafakihi, wanachuoni wa sharia. Wao waliliandika kwa jahazi linalozama, nasi twaliandika kwa chombo kinachoishiwa hewa.

Lakini kaida yetu ni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Kijana amesema "hewa yamtosha mmoja tu". Hapo ndipo pa kumshika kwanza, maana hesabu yake huenda si sawa.

Mtu mmoja hutumia oksijeni ya gramu 840 hivi kwa siku, na hutoa hewa ukaa karibu kilo moja. Tuchukue chumba cha mita 10 za ujazo, hewa ni kama yetu ya hapa, na mitambo yote imezima. Humo mna oksijeni lita 2,100 hivi. Aliyetulia hutumia kama lita 15 kwa saa, wawili 30. Baada ya saa 12 wametumia lita 360, na oksijeni imeshuka kutoka asilimia 21 hadi 17 na kidogo. Hiyo ni kama kutoka Mombasa ukapanda Nairobi. Hakuna anayekufa kwa kupanda Nairobi. Ila katika saa zizo hizo hewa ukaa waliyoitoa imefika karibu asilimia 3, na hewa ya kawaida haina hata nusu ya kumi ya asilimia moja. Hapo kichwa chagonga na pumzi zaenda mbio. Ikikaribia 5 mtu ahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa kumi, na akili yaanza kuvurugika. Kwa hiyo kinachowatangulia si kukosa oksijeni, ni sumu ya pumzi zao wenyewe. Faida ya kulijua hili katika fiqhi ni kubwa, tutaiona.

Hewa ukaa huondolewa kwa mikebe yenye chembe za lithiamu haidroksaidi. Kilo moja ya chembe hizo, hata zikitumika zote, hainywi zaidi ya gramu 900 na kitu za hewa ukaa, basi mtu mmoja kwa siku ahitaji zaidi ya kilo. Na mkebe peke yake haufanyi kitu, feni ndiyo inayoivuta hewa ipite ndani yake. Feni ikifa, mkebe mzima wabaki pambo. Kwa hivyo wanaanga hawa wataanza kukagua feni, kisha mkebe, kisha ndipo wageukie mtungi wa oksijeni. Na kule hakuna uzito: hewa ya moto haipandi juu kama jikoni, pumzi uliyoitoa yabaki imekuning'inia usoni. Aliyelala mahali pasipo upepo aweza kukosa hewa ndani ya chumba ambacho hewa yake bado ni nzuri. Dawa yake ni kulala uso ukielekea tundu la feni, na feni ikiwa imekufa, mmoja akeshe akimpepea mwenzake kwa kipande cha kadibodi, wapokezane. Kupepea kuwe kwa pole, maana mwenye kufanya kazi nzito hula kwa dakika 10 hewa ambayo aliyetulia angeila kwa saa nzima.

Mfano wa kweli upo. Aprili 1970 tangi la oksijeni la chombo cha Apollo 13 lilipasuka wakiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Watu watatu, Lovell, Swigert na Haise, wakahamia chombo kidogo cha kutua mwezini ambacho kilitengenezwa kwa watu wawili kwa muda wa siku mbili hivi. Wao wakakaa humo karibu siku nne. Oksijeni ilikuwapo ya kutosha. Kilichokwisha ni mikebe ya kuchuja, nayo mikebe ya akiba ya chombo kikubwa ilikuwa ya mraba, tundu la chombo kidogo ni la duara. Wakatengeneza kiungo kwa mfuko wa plastiki, kadibodi ya jalada la kitabu, mpira wa vazi la anga na mkanda wa gundi, na hewa ukaa ikashuka. Laiti wangekaa kuhesabu nani afe, wangekuwa wanaamua juu ya hesabu ya uongo.

Basi hukumu ya kwanza: kuhangaika kutafuta sababu za kuokoka ni wajibu juu yao wote wawili, na swali la nani afe halifunguliwi maadamu lipo la kujaribu. Mali hutolewa mhanga kabla ya roho. Al-Izz ibn Abdissalam, katika wanachuoni wetu wa Kishafii, amesema juu ya chombo kinachozama kwamba hutupwa mizigo, na isipotosha hutupwa wanyama, lakini mwanadamu hatupwi. Manahodha wa jahazi wa hapa walilijua hilo bila kufungua kitabu, shehena ilikwenda baharini kabla ya baharia. Kwa wanaanga, mali ya kutupwa ni umeme na vyombo: kuzima kila kitu isipokuwa feni na redio, na kulikata vazi la mamilioni ili kupata mpira wa kupitishia hewa. Wala hawana dhima ya kulipa, kwa sababu kazi yenyewe ndivyo ilivyoidhinishwa.

Ama kura ya nani auawe, ni haramu. Watu hutaja kisa cha Nabii Yunus alayhi salaam katika Suratu Ssaffat, aya ya 141, "akapiga kura, akawa katika walioshindwa". Lakini hiyo ni sharia ya waliotutangulia na ndani yake mna wahyi, na imamu Ghazali amesema waziwazi kwamba watu wa jahazi hawana ruhusa kumtupa mmoja wao ili wapone wengine, kwa kura wala bila kura. Damu zao ni sawa. Madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kura inayofaa ni ya kitu kisichogawika: kiti kimoja cha kuokolea, barakoa moja, nani aanze kuitumia. Hapo kura yaamua nani apewe, na haimgusi aliyekosa. Tofauti hiyo ni nyembamba kama uzi, lakini ndiyo inayotenganisha halali na haramu.

Na hewa ikigawika, igawiwe. Huyo huyo al-Izz ameuliza juu ya mkate mmoja na wenye njaa wawili: ukimpa mmoja ataishi siku nzima, ukiugawa kila mmoja ataishi nusu siku. Chaguo lake ni kuugawa. Nusu siku si kitu kidogo, ndani yake mwaweza kuja faraja.

Na mmoja akimzuia mwenzake hewa, kwa mfano akamfungia katika chumba kisicho na feni au akampokonya mpira wa hewa mpaka akafa, huyo ni muuaji wa makusudi. Mafakihi wetu wamesema hivyo kwa anayemfungia mtu na kumnyima chakula na maji muda ambao kwa kawaida mtu hufa, na hewa ni kali zaidi, muda wake ni dakika. Cheo cha nahodha hakimpi idhini, amri yake ni juu ya kazi si juu ya roho.

Sasa kujitolea, ambako ndiko moyo wa swali. Allah amewasifu Answari, wenyeji wa Madina, katika Suratul Hashri aya ya 9 kwamba wanawapendelea wengine kuliko nafsi zao ingawa wao wenyewe ni wahitaji. Na amesema pia "wala msijiue" (Annisai 29), na "wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (Albaqara 195). Maulamaa wa Kishafii wamejumuisha hivi: mudhtari aruhusiwa kumpa Mwislamu mwenzake chakula chake hata kama yeye aogopa kufa, kwa sababu haki hiyo ya kuishi ni yake, naye ameiachilia. Hakulazimishwa. Mtume, rehma na amani zimshukie, amesema anza na nafsi yako. Asiyetaka kutoa mtungi wake hana dhambi, na asitazamwe kwa jicho baya.

Lakini tazama vizuri: chakula ni kitu cha mkononi, unakitoa, na wewe waendelea kuishi mpaka njaa ikuchukue. Hewa ya chumba si ya mkononi. Huwezi kumpa mtu fungu lako la hewa ya chumba ila kwa kuacha kupumua, na kuacha kupumua ni kujiua. Kwa hiyo kujitolea kunafaa katika vitu: mtungi ulio mgongoni, barakoa, mkebe, kiti. Akikitoa, naye akabaki akitafuta uhai kwa njia nyingine hadi pumzi ya mwisho, ni katika waliosifiwa. Akifungua mlango akatoka nje bila vazi, au akameza vidonge vyote vya sanduku la dawa, huyo amejiua, hata nia yake iwe nzuri kiasi gani. Na je, akitoka nje kutengeneza injini, naye ajua mtungi wa vazi una saa mbili tu? Inafaa ikiwa ipo dhana ya kweli ya kufaulu, kwa sababu tendo lake ni kutengeneza, kufa si tendo lake.

Hapa niongeze la huku kwetu, maana vijana wako wataingia visimani kabla ya kuingia angani. Fundi ameshuka kisimani au katika shimo la choo akaanguka, mwenzake akamrukia kumtoa, naye akaanguka, na wa tatu. Hewa mbaya imelala chini, wala haionekani. Kumrukia bila kamba kiunoni, bila watu wa kuvuta juu, bila kuipuliza hewa safi ndani kwanza, huko si kumpendelea mwenzako, ni kuongeza maiti.

Nimesema hewa ukaa huvuruga akili. Basi ridhaa ya mtu ambaye kichwa chake chagonga na hajui alisemalo haihesabiki, wala mwenzake asiishike. Wakitaka kuagana juu ya barakoa au kiti, waagane saa za mwanzo wakiwa na akili zao, na wausie madeni yao kwa redio wakati huo huo.

Kuhusu sala, Malaysia walitoa mwongozo mwaka 2007, mwanaanga wao Sheikh Muszaphar Shukor (Sheikh ni jina lake) aliporuka kutoka Baikonur, Kazakhstan. Chombo huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, jua likachomoza mara 16 kwa siku, basi sala tano hufuata saa za mahali waliporukia. Kibla ni kwa uwezo: Kaaba, kisha anga iliyo juu yake, kisha dunia yote, kisha popote. Hawa ni wasafiri, watapunguza na kujumuisha: adhuhuri na alasiri rakaa mbili mbili, magharibi na isha kwa pamoja. Waswali wamekaa, wamejifunga mkanda wasielee, rukuu na sijda kwa kichwa, sijda iwe chini zaidi, na kisomo cha kujisikia mwenyewe tu. King'ora kikilia katikati ya sala, waikate.

Maji yaliyomo ni ya kunywa, hayatawadhiwi. Kutayamamu, yaani kujitwahirisha kwa udongo pasipo maji, katika madhehebu yetu kwataka udongo wenye vumbi, na usimshauri mtu abebe mfuko wa mchanga: kule vumbi halitui, litaelea machoni na kuziba chujio la feni, ndiyo balaa lile lile tulilokimbia. Mwongozo wa Malaysia umeruhusu kupiga viganja juu ya kitu safi hata bila vumbi. Kwa Mshafii asiyepata maji wala udongo, huswali faradhi kwa heshima ya wakati, kisha huirudia. Nionavyo mimi wapige viganja ukutani, waswali, na wakirudi salama wazirudie.

Mmoja akifa, mwenzake amswalie, amfunge ndani ya vazi lake na arudi naye, asimsukume nje. Mtungi wa marehemu autumie bila wasiwasi.

Wallahu aalam.